Fundi akikosea ramani, mwambie yeye kwanza

Leo nakuletea jambo lililotokea nyumbani kwangu. Lina aibu kidogo, lakini naamini litamfaa mtu.

Mama yangu alipozidiwa na miguu, mimi na mke wangu tuliamua kumtoa kijijini aje tukae naye. Nyumba ilikuwa haitoshi, tukaona tuongeze chumba kimoja na choo chake upande wa nyuma, na juu yake slabu ya kubeba tangi la maji la lita 2,000. Tulifuata utaratibu. Tulichorewa ramani, tukaipeleka halmashauri, tukalipia, tukasubiri hadi kibali kikatoka. Ramani ilisema ukuta ukae mita 1.5 kutoka mpaka wa jirani. Ilisema pia ringi za nguzo zipishane kwa sentimita 20.

Kazi tulimpa fundi tunayesali naye usharika mmoja. Yeye anaimba kwaya, mimi ni mzee wa kanisa. Kwa kuwa ni ndugu katika Bwana, hatukuandikiana chochote. Tuliomba pamoja, tukapeana mikono, akaanza kuchimba msingi.

Nikasafiri kikazi siku 10. Niliporudi, ukuta ulikuwa umefika usawa wa madirisha. Moyo haukutulia, nikachukua futi kamba. Kutoka ukutani hadi mpakani nilipata sentimita 60 tu. Nguzo mbili zilishamwagwa zege, mbili bado. Katika hizo ambazo bado, nikapima ringi: zilipishana kwa sentimita 40. Ringi ndizo zinazozishika nondo zisitanuke nguzo inapobeba mzigo. Na lita 2,000 za maji ni tani mbili, ambazo zingekaa juu ya kitanda cha mama yangu.

Sasa sikia nilichofanya. Fundi sikumwambia neno. Nilimwambia mke wangu, nikamwambia shemeji yangu kwa simu, na Jumatano baada ya ibada ya jumuiya nikawaambia washarika watatu kwamba yule bwana ni mwizi. Ijumaa habari zikamfikia fundi katikati ya mazoezi ya kwaya.

Katika Mathayo 18, kuanzia mstari wa 15, Bwana Yesu ametupa utaratibu. Ndugu yako akikukosea, nenda ukamwonye mkiwa wawili tu. Asiposikia, chukua mtu mmoja au wawili wawe mashahidi. Akikataa hao, ndipo liambie kanisa. Mimi nilianzia mwisho. Nilifundisha somo hilo mara nyingi, lakini siku liliponihusu nililiruka.

Jumamosi asubuhi tulikaa wawili, ramani tumeitandika juu ya tofali. Kwanza nilimwomba radhi kwa maneno niliyosambaza. Kisha nikamwonyesha vipimo. Akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Mzee, si wewe uliyesema chumba ni kidogo, mama atabanwa? Nikakuongezea." Nikakumbuka. Kweli nilisema hivyo siku moja, nikiwa napita huku naongea na simu. Nikamuuliza kuhusu ringi. Akajibu, "Hela ya nondo uliyotuma ilipungua, ukaniambia nijibane." Hilo nalo lilikuwa kweli.

Hata hivyo, kosa lake lilibaki kuwa kosa. Alitakiwa anipigie simu kabla ya kumwaga zege, hakupiga. Lakini niliona wazi kwamba ule ukuta tuliupindisha wawili. Mimi kwa maneno ya ovyo na ubahili, yeye kwa kukaa kimya. Ndiyo maana ramani ipo. Nabii Amosi alionyeshwa Bwana akisimama karibu na ukuta, na timazi mkononi mwake. Timazi haiangalii kama mwenye nyumba ni mzee wa kanisa au fundi anaimba kwaya. Ukuta umenyooka au haukunyooka.

Fundi akapendekeza kwamba tuongeze ringi katika nguzo zilizobaki, tupige plasta, na hakuna atakayejua. Nakiri nilishawishika, kwa sababu fedha ilikuwa inaelekea kuisha. Ila nilikumbuka Ezekieli 13, pale Mungu anapowakemea wale waliopaka chokaa ukuta dhaifu, mpaka mvua na mawe zikauangusha. Kusamehe si kupiga plasta. Nilikuwa nimeshamsamehe ndugu yangu, lakini ukuta ulipaswa kushuka.

Tukasimamisha kazi. Jumatatu nikamwita mtaalamu aliyetuchorea ramani, na mzee mwenzangu mmoja akaja kuwa shahidi. Mtaalamu alisema wazi: ukitaka chumba kikubwa, ramani mpya irudi halmashauri ikaidhinishwe kabla ya kujenga. Hutaki, rudi kwenye ramani uliyopewa kibali. Tukarudi. Upande ule tulibomoa hadi msingi, na nguzo mbili zikavunjwa. Mimi nilinunua vifaa upya, fundi akatoa nguvu zake bila malipo.

Vibarua wawili niliwalipa jioni ileile ya Jumamosi. Mambo ya Walawi 19:13 inakataza ujira wa kibarua kulala kwako hadi asubuhi. Wao walifanya walichoelekezwa. Ugomvi wangu na fundi haukuwahusu watoto wao.

Kisha tukaandikiana. Malipo yawe kwa hatua: msingi, boma, lenta, slabu. Hatua isifunikwe kwa zege wala udongo kabla hatujapima pamoja. Badiliko lolote liandikwe na sisi wawili tutie saini. Watu hudhani mkataba ni dalili ya kutoaminiana. Mimi nimejifunza kwamba unalinda undugu, kwa sababu unamzuia kila mmoja kukumbuka anachotaka.

Nilikwenda pia kwa jirani kuomba radhi. Akaniambia aliuona ukuta tangu siku ya kwanza, akanyamaza kwa kuwa "ninyi ni watu wa kanisa." Maneno hayo yaliniuma kuliko gharama ya saruji.

Je, fundi angekataa? Ningerudi na mashahidi. Angekataa tena, ningekwenda serikali ya mtaa na kwa mhandisi wa halmashauri. Kufika huko si kukosa upendo, kama lengo ni kuokoa uhai na si kulipiza kisasi. Tunakumbuka Machi 29, 2013, Ijumaa Kuu, ghorofa lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam lilipoporomoka na kuua watu zaidi ya 30. Tunakumbuka Kariakoo, Novemba 16, 2024. Jengo likianguka halichagui. Humfunika hata aliyepita tu kununua bidhaa.

Mama sasa analala katika chumba kile. Ni kidogo, kama nilivyosema, na kitanda chake kinaenea. Yule fundi bado anaimba kwaya, na mwezi uliopita nilimpeleka kwa rafiki yangu anayetaka kujenga uzio. Nilimwambia rafiki yangu mambo mawili: anajua kazi, na muandikiane.

Mpendwa, huenda leo kuna mtu uliyemsema kwa watu watano na yeye mwenyewe hajasikia kwako. Ukitoka ibadani, mtafute. Nenda na ramani, usiende na hasira. Na uwe tayari kusikia sehemu yako.

Tuombe: Ee Bwana, utupe ujasiri wa kusema kweli mapema, unyenyekevu wa kukiri tulipokosea, na nguvu ya kubomoa kilichopinda kabla hakijamwangukia mtu. Amina.

Jumapili njema.