Je, Wajua? Jani la Manjano na Ardhi ya Matumbawe

Je, wajua kwamba iksora iliyopandwa ukutani Kisauni, Mombasa, huweza kufa njaa ya chuma ilhali chuma kimejaa kwenye udongo wake? Litazame jani changa la nchani. Mishipa ni ya kijani, lakini kati ya mshipa na mshipa pamekuwa manjano, pengine karibu peupe. Pwani yetu imelalia matumbawe, na matumbawe ni chokaa. Chokaa hukishika chuma, mizizi isiweze kukinywa. Saruji na vifusi vilivyoachwa na mafundi huongeza chokaa ile ile, ndiyo maana kichaka cha ukutani hudhoofika zaidi kuliko kilichopandwa katikati ya kiwanja.

Wajua kwamba misumari yenye kutu inayofukiwa shinani haisaidii kitu? Kutu ni chuma ambacho mmea hauwezi kukiyeyusha kwenye udongo wa chokaa. Agroveti wana chuma cha kelati. Waambie unataka kile cha udongo wa chokaa, kwa maana aina nyingine hushindwa vile vile.

Manjano yakianzia chini, kwenye majani makuukuu, mara nyingi ni upungufu wa naitrojeni. Mmea huyanyang'anya majani ya zamani naitrojeni hiyo ukayalisha machanga. Samadi ya mbuzi iliyokaa ikapoa inatosha. Mbichi huunguza.

Na kingo za majani zikikauka na kuwa kahawia kana kwamba zimepitiwa na moto? Shuku chumvi. Maji ya bomba ya Mombasa hutoka mbali, Mzima na Baricho, na yanapokatika ni kisima kinachonywesha maua. Visima vingi vya Likoni na Kisauni vina maji ya chumvi. Ukinyunyiza kidogo kila jioni, maji hupaa na chumvi hubaki pale pale kwenye mizizi. Heri umwagilie kwa nadra lakini kwa wingi, chumvi ishuke chini. Wajua pia kwamba maji yanayodondoka kutoka kwenye AC hayana chumvi? Tega ndoo. Iksora itayapenda kuliko ya kisimani.

Changamwe ni habari nyingine kabisa. Chini ya mtaa ule hakuna matumbawe bali miamba laini ya zama za dinosaria, na udongo wake ni mzito, unaoshika maji. Hapo mizizi huoza. Majani hulegea, mwenye nyumba akadhani mmea una kiu, akaongeza maji, na kichaka kikafa kwa kunyweshwa. Kabla ya kushika ndoo, chomeka kidole mpaka kiungo cha pili. Ukikuta unyevu, mti hautaki maji, unataka tuta lililoinuliwa.

Je, wajua kwamba rangi ya bogenvilia si maua? Ni majani yaliyogeuka rangi. Ua lenyewe ni kile kimrija cheupe kilichojificha katikati. Mmea huu uliokotwa Brazili mwaka 1767 katika msafara wa Mfaransa Louis-Antoine de Bougainville. Mtaalamu wa mimea alikuwa Philibert Commerson, na msaidizi wake Jeanne Baret alikuwa mwanamke aliyevaa kiume, ambaye baadaye alitambuliwa kuwa mwanamke wa kwanza anayejulikana kuizunguka dunia. Bogenvilia isiyochanua kwa kawaida imeshiba mno: maji mengi na mbolea nyingi huleta majani na miba. Iache na jua kali, inyime maji kidogo, uone.

Wajua nani aliyewahi kuiotesha misitu juu ya jiwe tupu hapa hapa? Mwaka 1971, kwenye machimbo ya kiwanda cha saruji cha Bamburi, Mswisi René Haller alianza kupanda miti mahali ambapo hapakuwa na udongo hata wa kujaza kiganja. Alijaribu aina 26. Zilizohimili ni tatu, mnazi na mvinje zikiwamo. Mvinje ulisimama, lakini majani yake yaliyopukutika hayakuoza, yakarundikana tu. Ndipo akawaona jongoo wenye miguu myekundu wakiyatafuna. Aliwakusanya kwa mamia, akawatawanya chini ya mivinje, na kinyesi chao kikawa mwanzo wa mboji. Leo pale ni Haller Park. Kwa hiyo, mama anayefagia kiwanja kila alfajiri mpaka king'ae, akayachoma majani yote, anauondoa udongo ambao Haller alihangaika kuupata. Naomba sana: yaache yale ya chini ya kichaka. Ongeza makumbi ya nazi yaliyokatwakatwa, ila yasiwe yaliyolowekwa baharini kwa kusokota kamba, kwani hayo yamejaa chumvi.

Je, wajua kidung'ata wa mpapai hula haibiskasi pia? Mdudu huyu mweupe mwenye unga, asili yake Meksiko, aliripotiwa Kenya mwaka 2016, akianzia Pwani. Hufyonza utomvu, akatoa majimaji matamu, na juu yake huota ukungu mweusi kama masizi. Sisimizi huyafuata majimaji hayo na kumlinda mdudu. Sisimizi wakipanda na kushuka shinani, geuza jani uangalie chini yake. Kata ncha zilizojikunja, zitie kwenye mfuko ufungwe. Kisha nyunyiza maji ya sabuni jua likiwa limepoa. Dawa kali huua hata kinyigu kidogo kinachotaga ndani ya kidung'ata, na kinyigu hicho ndicho mshirika wetu mkubwa.

Inauma kuona kichaka kikavu kinang'olewa kumbe ki hai. Kwangua gome kwa ukucha. Ukiona kijani na ubichi, uhai upo; shuka chini ukwangue tena mpaka uupate, ukate juu ya hapo. Haibiskasi huchanua kwenye machipukizi, na mwasumini vivyo hivyo, kwa hiyo kupogoa mwezi wa tatu, mvua za masika zikikaribia, huleta maua. Asikupogolee mtu Kaskazi ikiwa imewaka.

Na pembe ya kiwanja isiyopata jua, ambako kila ulichopanda kimedorora? Panda mkilua. Asili yake ni misitu ya pwani ya Kenya na Tanzania tu, chini ya miti mikubwa, na maua yake hutiwa kwenye kikuba, kile kifungu cha maua ya kunukia, pamoja na asumini na rihani. Unataka kivuli na majani yaliyooza shinani. Ukiuweka kwenye jua la saa saba majani yataungua.