GARI LA MAFUTA KIDOGO: LIPI LITATUFAA?

Ndugu wafanyakazi, tunapotoa akiba ya ushirika wetu kununua teksi, tusinunue jina, tununue kazi.

Mwezi Desemba 1997 Toyota ilianza kuuza Prius huko Japani. Gari hili la haibridi lina injini ya petroli pamoja na mota ya umeme. Dereva akikanyaga breki, mota hugeuka jenereta, na nguvu ambayo ingepotea bure huwekwa katika betri. Ndiyo sababu faida yake kubwa iko mjini, penye foleni na kusimama kila mara.

Lakini mwaka 1999 Volkswagen ilitoa Lupo 3L, gari la dizeli tupu. Kwa vipimo vya Ulaya lilitumia lita 3 hivi kwa kilometa 100. Siri yake kubwa ilikuwa wepesi.

Basi tupime njia yetu kwanza. Kwa teksi ya mjini haibridi inafaa, ila fundi apime betri kabla hatujalipa: betri kuukuu ikifa, itameza akiba yote ya petroli. Kwa safari ndefu za mashambani, gari dogo jepesi la kawaida latosha. Jasho letu lisiishie kwenye tangi.