Mbegu Kavu Ikiloweshwa, Hadubini Huona Nini?

Punje ya maharage ya Njano Uyole, aina iliyotoka kituo cha utafiti cha Uyole mkoani Mbeya, ikikaushwa vizuri hubaki na maji kama asilimia 12 ya uzito wake. Seli zake zimesinyaa, kuta zimejikunja, akiba ya wanga na protini imebanana. Hadubini ya elektroni inayopenyeza elektroni katika kipande haiwezi kuona ndani yake ikiwa hivyo. Elektroni husafiri ndani ya ombwe, na kipande kinachokaguliwa kwa kawaida huwa chembamba kuliko nanomita 100. Kwa hiyo mbegu huloweshwa kwanza katika glutaraldehidi yenye maji ili protini zigande mahali pake. Osmiamu hushika mafuta na kuyatia weusi, alkoholi huondoa maji, kisha resini huifanya iwe ngumu kiasi cha kukatwa kwa kisu cha almasi.

Tatizo liko kwenye kule kulowesha. Jani bichi limeshajaa maji, lakini harage kavu hunywa. Litie kwenye bakuli la maji uone ganda linavyofanya makunyanzi kabla ya nyama ya ndani kuvimba. Maabarani nako ni hivyo hivyo: seli huanza kuvimba kabla dawa haijazigandisha, na picha inayotoka ni ya mbegu iliyokwisha kuanza kuamka. Mwaka 1974 mtafiti E. W. Simon alipendekeza kwamba utando wa seli hupoteza mpangilio wake mbegu inapokauka, ndiyo maana mbegu ikiloweshwa huvujisha sukari na chumvi. Lakini mwaka 1982 watafiti Thomson na Platt-Aloia waligandisha kunde kavu kwa baridi kali na kuzivunja bila kuzilowesha. Utando ulikuwa na tabaka zake kama kawaida.

Wapo watakaosema kwamba mbegu zote zikiandaliwa namna moja, ulinganisho wa mbegu mpya na zilizochakaa ni wa haki. Siafiki. Mbegu iliyochakaa ghalani ina utando dhaifu, hivyo maji huijeruhi zaidi kuliko mbegu mpya, na maandalizi yenyewe huongeza tofauti tunayotaka kuipima. Ni kweli mitambo ya kugandisha kwa baridi ni ghali, ingawa mvuke wa osmiamu nao umewahi kutumika kwa mbegu kavu bila kuzilowesha. Na hofu kubwa ya kugandisha, yaani barafu kupasua seli, hapa ni ndogo, kwa kuwa mbegu kavu karibu haina maji ya kuganda.

Wengine watauliza kwa nini tusitosheke na kuotesha mbegu kwenye mchanga. Jaribio hilo lina thamani kubwa, ila huonyesha ngapi zimekufa, si kilichoziua. Kwa wakulima wa Mufindi na Kilolo, mkoani Iringa, wanaotunza mbegu zao za maharage hadi msimu ujao, sababu ndiyo inayoamua kama wabadili namna ya kukausha au mahali pa kuhifadhia. Ndiyo maana picha ikitolewa kama ushahidi dhidi ya ghala, inapaswa kutaja unyevu wa mbegu, dawa iliyotumika na saa ilizoloweshwa. Bila hayo ghala linaweza kulaumiwa kwa uharibifu uliofanyika ndani ya kichupa cha maabara.