Gitaa la umeme la kujitengenezea: vifaa huokotwa, vipimo haviokotwi

MUZIKI: Gitaa, sekunde 10, kisha ushuke.

MTANGAZAJI: Leo kutoka hapa Rusizi tunazungumza na vijana wa kwaya na wa bendi mlioko Nyarushishi, Kiziba, Mahama na kambi nyingine. Gitaa la dukani ni ghali. Je, la umeme linaweza kutengenezwa nyumbani?

Linaweza. Mwaka 1963 mjini London, kijana Brian May na baba yake walianza kutengeneza lao. Shingo waliichonga kwenye mbao ya meko ya zamani, na springi zilitoka kwenye pikipiki. Ndilo alilolipiga katika kundi la Queen. Na kule kwetu Kongo, mjini Kinshasa, mzee Mingiedi wa kundi la Konono No. 1 alizitengenezea likembe zake mikro kwa sumaku za vipuri vya magari.

Tuanze na mbao. Tafuta iliyokauka: mguu wa kitanda kibovu au fremu ya mlango wa zamani. Mti mbichi ukikauka hujipinda, na shingo hupinda nao.

Sasa shingo yenyewe. Vile vyuma vyembamba vinavyoikatiza havipangwi kwa macho. Pima urefu wa uzi, toka unapoegemea juu ya shingo hadi unapoegemea kwenye mwili. Tuseme ni sentimita 60. Gawanya kwa 17.817: unapata 3.37. Hapo ndipo pa chuma cha kwanza. Zinabaki 56.63. Gawanya tena kwa 17.817: unapata 3.18, umbali wa kutoka chuma cha kwanza hadi cha pili. Endelea hivyo. Chuma cha 12 lazima kiangukie katikati kabisa, sentimita 30. Kama hakikuangukia hapo, rudia hesabu kabla ya kushika msumeno. Shingo iliyokosewa hapa haitakubaliana na kinanda cha kwaya, hata ukaze nyuzi namna gani.

Mikro ni sumaku iliyozungushiwa waya wa shaba mwembamba kama unywele, mizunguko elfu kadhaa. Waya wa namna hiyo hupatikana ndani ya transfoma ndogo ya redio iliyokufa. Uzi wa chuma ukitikisika juu ya sumaku, umeme mdogo sana huzaliwa ndani ya waya, na kipaza sauti huukuza. Uzi wa nailoni hautasikika, kwa sababu sumaku haiugusi.

MUZIKI: Sekunde 5.

MTANGAZAJI: Sikiliza vizuri hapa. Gitaa lenyewe halihitaji umeme wa ukutani. Usiliunganishe kamwe na soketi. Tumia redio ya betri yenye tundu la kuingizia sauti. Kipaza sauti kibovu cha umeme wa ukutani kinaweza kuupitisha hadi kwenye nyuzi, na mpigaji anazishika kwa mikono yote miwili.

Mwisho, piga msasa mkali, kisha mlaini. Paka vanishi nyembamba, iache ikauke, rudia. Paka nje, mbali na jiko na shitingi, maana mvuke wake hushika moto na huumiza kifua.

SWALI LA KIKUNDI: Hapo mlipo, ni vitu gani vibovu vinavyotupwa ambavyo vina sumaku, waya wa shaba au mbao kavu? Viorodhesheni pamoja.

MUZIKI: Upande, kisha mwisho.