Kabla hujanunua mashine ya kupigia polishi magari

KIANGAZI kinapopamba moto mkoani Katavi, gari lililolala nje usiku mmoja huamka limevaa vumbi jekundu. Asubuhi dereva huchukua tambara kavu, akalipangusa kuanzia boneti hadi mlango wa nyuma, kisha akaenda zake kutafuta abiria au kupeleka mpunga sokoni. Vumbi lile ni mchanga mwembamba, na tambara lake limefanya kazi ya msasa. Baada ya mwaka mmoja wa kupangusa namna hiyo, gari jeusi hugeuka kijivu, na jua likilipiga huonekana limejaa nyuzinyuzi kama utando wa buibui.

Nyuzi hizo ni mikwaruzo midogo, na kuiondoa ni biashara. Kashaulili ni kata ya mjini Mpanda, na mji huo umekuwa makao makuu ya mkoa tangu Katavi ilipomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012. Lami ya kutoka Tabora nayo imefika, na safari ya gari dogo si ya kubahatisha kama zamani. Kwa kijana mwenye pampu ya maji na kibanda cha kuoshea magari, hatua inayofuata inaonekana wazi: anunue mashine ya polishi, atoze zaidi kwa gari lilelile.

Hesabu hiyo si mbaya. Tatizo ni kwamba mashine isiyofaa, au inayofaa ikiwa mikononi mwa asiyeijua, huweza kuharibu rangi ya gari la mtu ndani ya sekunde chache, na rangi iliyoungua hairudishwi kwa polishi yoyote. Dawa yake ni kupuliza upya.

Rangi ni nyembamba mno

Magari mengi ya miaka ya karibuni yana tabaka tatu juu ya bati: ya chini inayoshika bati, ya kati yenye rangi yenyewe, na ya juu isiyo na rangi, ambayo mafundi huiita klia. Kwa rangi ya kiwandani, tabaka zote kwa pamoja kwa kawaida zina unene wa mikroni 100 hadi 150, na mikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Klia peke yake ni kama mikroni 40 hadi 50. Karatasi ya kawaida ya kuchapia ina mikroni kama 100. Kwa hiyo kinachong'aa kwenye gari, na kinachoizuia rangi isipauke kwa jua, ni nusu ya unene wa karatasi.

Kupiga polishi ni kupunguza hiyo nusu. Mkwaruzo haufutwi wala hauzibwi, bali eneo linalouzunguka hukwanguliwa kidogo kidogo mpaka lilingane na kina chake. Ndiyo maana gari haliwezi kupigwa polishi nzito kila mwezi, hata mwenyewe akiwa tayari kulipa.

Kabla ya kugusa swichi, pitisha ukucha juu ya mkwaruzo. Ukucha ukikwama, mkwaruzo ni wa kina na mashine haitaumaliza salama. Kisha mwagia maji kidogo. Mkwaruzo unaopotea ukiwa na maji na kurudi ukikauka kwa kawaida uko ndani ya klia, na huo ndio wa kufanyiwa kazi. Ukiona rangi ya chini ya kijivu au bati, mwelekeze mteja kwa fundi rangi na usichukue hela yake.

Kuna mtego mwingine kwenye magari yetu. Mengi yameshapulizwa rangi upya, huko yalikotoka au hapa nchini, na unene wa rangi hiyo anaujua aliyeipuliza tu. Kipo kifaa kidogo cha kupimia unene wa rangi juu ya bati, lakini vile vya kawaida havifanyi kazi kwenye bampa la plastiki. Pia yapo magari, hasa ya zamani na baadhi ya meupe, ambayo hayana klia kabisa. Hayo yakipigwa polishi, sponji hupata rangi ya gari, na si ajabu. Lakini kwenye gari lenye klia, rangi ikionekana kwenye sponji zima mashine papo hapo, maana klia imekwisha.

Grenda si mashine ya polishi

Kwa kuwa mashine yenyewe ni ghali, wapo wanaofunga sponji kwenye grenda ya kukatia vyuma. Umbo linafanana na hata boliti ya kufungia mara nyingi ni ileile ya M14, lakini mwendo ni tofauti kabisa. Grenda ndogo ya diski ya milimita 115 huzunguka karibu mara 11,000 kwa dakika. Mashine ya polishi ya mzunguko hufanya kazi kati ya mara 600 na 3,000 hivi, na fundi mzoefu mara nyingi hubaki chini ya 2,000. Kwa mwendo wa grenda, joto hupanda kabla mkono haujahisi kitu. Klia hulainika, hukunjamana au hutoka, na kwenye kingo za milango na mikunjo ya boneti, ambako rangi ni nyembamba zaidi, huisha kwanza. Drili haizunguki kwa kasi hiyo, lakini haina mshiko wa kutosha na huyumba.

Mashine halisi ziko za aina mbili. Ya kwanza huzungusha sponji moja kwa moja, kama gurudumu. Inakata haraka na mafundi rangi wengi wanaipenda, kwa sababu baada ya kupiga msasa wa maji inamaliza kazi kwa muda mfupi. Lakini ukiisimamisha mahali pamoja inaunguza, na asiyeizoea huacha alama za mawimbi ambazo hazionekani kibandani, zinaonekana mteja akishatoka juani.

Aina ya pili huzungusha sponji na wakati huohuo kuitikisa pembeni, kwa hiyo hakuna sehemu ya sponji inayosugua mstari mmoja muda wote. Kwenye boksi mara nyingi huandikwa herufi DA. Ukiikandamiza kupita kiasi, nyingi za aina hii huacha kuzunguka na kubaki zikitetemeka tu, na huo ndio usalama wake. Ni ya polepole zaidi na mlango mmoja unaweza kuchukua muda mrefu. Kwa mikwaruzo midogo, ambayo ndiyo kazi hasa ya kibanda cha kuoshea magari, hii ndiyo ya kununua. Anayeanza na ile ya kwanza kwa sababu ni rahisi bei atajifunzia kwenye magari ya wateja.

Ndani ya aina hiyo ya pili angalia upana wa mtikiso. Wa milimita 8 huingia vizuri kwenye mikunjo lakini unachukua muda. Wa 15 hufanya kazi haraka kwenye boneti na paa. Wa 21 unahitaji sehemu pana iliyonyooka, na kwenye gari dogo lenye kona nyingi husimama-simama. Kwa mashine moja tu, ya 15 yenye sahani ya milimita 125 inatosha magari mengi yanayoingia kibandani. Tangi la pikipiki linahitaji sponji ndogo ya milimita 75 hivi, na kwa Mpanda yenye bodaboda zake hiyo si kazi ya kudharau.

Hakikisha ina kidude cha kubadilishia mwendo na kwamba huanza taratibu. Ile inayoruka kwa nguvu mara tu unapowasha hurusha dawa hadi kwenye kioo. Ishike pia kwa dakika kadhaa dukani kabla ya kulipa. Kilo tatu si kitu ukiwa umesimama kaunta, lakini baada ya saa mbili ubavuni mwa Hiace mabega yatakwambia vingine.

Soma kibati cha umeme

Wafanyabiashara wa Mpanda wakifuata vifaa Kariakoo na Gerezani jijini Dar es Salaam hukutana na mashine za mitumba kutoka Japani, ngumu na za bei nafuu. Japani hutumia umeme wa volti 100, na Marekani volti 120. Tanzania ni volti 230. Mashine ya volti 100 ikichomekwa hapa bila transfoma itaungua, pengine kabla haijagusa gari la kwanza. Kibati kilichobandikwa ubavuni kinapaswa kuonyesha volti 220 hadi 240. Kama kimebanduliwa, iache.

Mpanda kwa miaka mingi ilitegemea majenereta ya dizeli ya TANESCO, na wenye vibanda wanajua umeme ukipungua nguvu mashine hufanya nini. Anayefanyia kazi kwenye jenereta lake achague lenye uwezo unaozidi wa mashine kwa kiasi cha kutosha, kwa sababu mota huvuta zaidi inapoanza. Waya mrefu na mwembamba wa kuunganishia nao hula umeme na kupata moto.

Mashine za betri zinavutia kwa sababu hazina waya. Lakini betri ya volti 18 yenye ampea-saa 5 ina wati-saa 90 tu. Mashine inayovuta wati 300 huimaliza kwa dakika 18, na boneti moja huenda isiishe. Ya waya yenye wati 800, hata ikifanya kazi saa nne mfululizo kwa nguvu zote, haizidi uniti 3.2 za Luku.

Hatari kubwa ni maji. Sehemu ya kuoshea huwa imelowa wakati wote, na mashine ya umeme kwenye sakafu yenye maji inaua. Polishi ipigiwe mahali pengine, pakavu, penye sakafu ya saruji na paa, na umeme upite kwenye swichi inayojikata wenyewe unapovuja. Paa linasaidia pia kwa sababu bati lililochemka juani hukausha dawa kabla haijafanya kazi.

Boksi la mashine si gharama yote. Sponji zinahitajika kadhaa kwa kila gari, kwa sababu iliyojaa uchafu hukwaruza badala ya kung'arisha, na iliyoanguka chini haitumiki mpaka ioshwe. Dawa ziko za kukata na za kung'arisha. Anza na nyepesi, panda ikishindwa. Nyingine zina mafuta yanayoziba mikwaruzo kwa muda, na baada ya kuoshwa mara mbili tatu inarudi pamoja na mteja mwenye hasira. Ili kujua ukweli, futa sehemu uliyomaliza kwa spiriti iliyochanganywa na maji, kisha itazame kwa tochi.

Vipuri viulizwe kabla ya kulipa. Kaboni za mota na sahani ya sponji ndivyo vinavyokwisha mapema, na kuviagiza Dar es Salaam ni siku kadhaa bila kazi. Jina kubwa kwenye boksi halithibitishi kitu, kwa kuwa bidhaa bandia ziko nyingi na Tume ya Ushindani imekuwa ikizikamata. Risiti ndiyo itakayokusaidia ukirudi kulalamika.

Tuchukue mfano wa kukadiria tu. Mwenye kibanda anatumia Sh600,000 kwa mashine, sponji na dawa za kuanzia, na kila gari linamwachia Sh20,000 baada ya gharama. Atahitaji magari 30 kurudisha fedha yake. Akiunguza boneti moja na fundi rangi akamtoza Sh160,000, ameongeza magari manane juu ya hayo. Ndiyo maana gari la kwanza lisiwe la mteja. Boneti kuukuu kutoka gereji, ikipigwa polishi kwa makusudi mpaka ikaharibika, inamfundisha mtu pale rangi inapoishia.

Mkulima mwenye Probox moja anayotaka kuiuza baada ya mavuno hana haja ya kununua mashine. Alipie kazi hiyo mara moja, na kabla ya kukubaliana bei aombe kibanda kijaribu sehemu ya mraba wa nusu mita kwenye mlango, kisha alitoe gari juani na kuitazama. Vumbi la kila asubuhi alimwagie maji mengi kwanza, ndipo apitishe kitambaa laini kilicholowa.