Baridi ya Kilimanjaro isikumalizie mpira

KAHAMA: Vijana wa mazoezi hapa Nyasubi wamezoea jua. Lakini unayejipanga kupanda Kilimanjaro, mita 5,895, usifanye mchezo na vidole.

Baridi kali ikizidi, damu haifiki vidoleni. Nyama huganda, na mfupa nao hukosa damu. Ngozi inaweza kupona ukadhani yameisha. Miezi au miaka baadaye kiungo kinakakamaa na kuuma kama cha mzee. Kwa anayeendelea kukua, kidole kinaweza kubaki kifupi. Na winga asiye na kidole gumba cha mguu atajisukuma na nini?

Kidole kikifa ganzi, usikisugue wala kukiweka motoni. Shuka. Ukifika pa salama, kitumbukize kwenye maji ya vuguvugu, nyuzi 37 hadi 39, kisha hospitali. Kilele hakihami.