Vayoleti ya Afrika yaweza kustawi nyumbani Ukambani

WENGI wanaoliona ua dogo la zambarau liitwalo vayoleti ya Afrika katika maduka ya maua jijini Nairobi hudhani ni mgeni kutoka Ulaya. La hasha. Asili yake ni Afrika Mashariki, na aina mojawapo humea katika msitu wa kilima cha Mbololo, kaunti ya Taita Taveta, ambayo inapakana na Kitui na Makueni.

Mnamo 1892, Mjerumani Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa mtawala wa wilaya huko Tanga, alipeleka mmea huo kwa baba yake Ujerumani. Mwaka uliofuata mtaalamu Hermann Wendland aliupa jina la kisayansi, Saintpaulia, kutokana na ukoo huo. Wajerumani hadi leo huuita vayoleti ya Usambara.

Mmea huu umezoea kivuli cha msitu, ukungu na miamba yenye unyevu. Hali hiyo haipatikani Wote, Kibwezi wala Mutomo. Hata hivyo, unaweza kutunzwa ndani ya nyumba iwapo joto litakuwa kati ya nyuzi 18 na 24 hivi. Wakazi wa milima ya Mbooni na Kilungu hawatapata taabu kubwa. Kwingineko, nyumba ya mabati isiyo na dari hugeuka tanuri ifikapo adhuhuri, na ni heri ua liwekwe katika chumba chenye kuta nene na hewa ya kutosha.

Dirisha linalotazama mashariki, lenye pazia jepesi, ndilo bora. Jua kali huunguza majani. Mwanga ukiwa hafifu mno, vikonyo hurefuka na maua hayachanui.

Tatizo kubwa ni maji. Visima vingi vya Ukambani hutoa maji ya chumvi, na mmea huu hauyavumilii. Ukoko mweupe hujitokeza juu ya udongo na ukingoni mwa chungu, na vikonyo vinavyougusa huoza. Kuchemsha maji hakuondoi chumvi; huizidisha tu, kwa kuwa sehemu ya maji hupotea kama mvuke. Dawa ni maji ya mvua yaliyokingwa kutoka kwenye paa, hasa wakati wa mvua za Novemba na Desemba. Wapo watakaouliza kama ni haki kulipa ua maji yanayopiganiwa na watu na mifugo. Swali hilo ni la haki, lakini chungu kidogo hakihitaji zaidi ya nusu kikombe cha chai kwa mara moja, tena baada ya udongo wa juu kukauka.

Maji hayo yatiwe katika kisahani chini ya chungu, kisha yanayosalia baada ya nusu saa yamwagwe. Maji baridi yakidondokea majani huacha madoa yasiyofutika. Mmea uliolegea ilhali udongo umelowa usiongezwe maji: mizizi yake imeanza kuoza.

Udongo mwekundu wa shambani haufai peke yake, kwani hukauka ukawa mgumu kama tofali. Uchanganywe na mboji na mchanga wa mtoni ulioshwa vyema. Chungu kiwe kidogo, upana wa sentimita 10 hivi, na kiwe na matundu.

Hakuna sababu ya kwenda kuung'oa mmea Mbololo, ambako aina ile ya Taita imo hatarini kutoweka. Jani moja kutoka kwa jirani latosha. Likatwe pamoja na kikonyo cha sentimita 3, lichomekwe katika mchanga wenye unyevu na kufunikwa kwa chupa ya plastiki iliyokatwa kitako. Baada ya miezi miwili au mitatu vichipukizi hujitokeza chini yake. Kila kimoja kikishapata majani manne, kihamishiwe chungu chake. Ua la kwanza huchukua miezi sita hadi tisa tangu jani kupandwa, na wakati mwingine zaidi.